Mlango uko wazi, mbona hawaji? Maswali yenu ya umenta chuoni

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu umenta, yaani kuwashika mkono na kuwaongoza wanachuo, hasa wasiofanana. Nimechukua manne.

Nafundisha mwaka wa kwanza. Nimewaambia mlango uko wazi, wanaokuja ni walewale wa inglishi midiamu. Wengine hata siwajui sura.

Mlango wazi unamfaa aliyezoea kuingia maofisini. Huyu wa shule ya kata kasoma la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, fomu wani Kiingereza kikamwangukia, na ofisi ya mwalimu kwake ni pale unapoitwa ukachapwe, sasa leo aje kufuata nini? Mwite wewe. Pangeni watano watano, kabla ya testi ya kwanza, na usiulize "kuna swali?" maana utajibiwa hamna, waambie waje na madaftari. Utakuta mtu kanakili slaidi neno kwa neno, hajaandika hata mstari mmoja wa kwake, hapo ndo pa kuanzia. Akitaka kuelezea kwa Kiswahili mwache aelezee, Kiingereza mtakirudia kwenye kuandika. Na yale mambo ambayo hayajaandikwa popote, imeli kwa profesa inaanzaje, ukiumwa siku ya mtihani unamwona nani, waambie wote, asiye na kaka aliyepita chuo atayajulia wapi?

Nimepewa mwanafunzi kiziwi. Naanzaje?

Muulize mwenyewe. Kuna wanaosoma midomo, kuna wa alama tu, kuna wanaopenda kuchati. Akija na mkalimani mtazame mwanafunzi, hayo mambo ya "mwambie kwamba" hapana. Slaidi mtumie mkalimani mapema, istilahi za somo si za kubuniwa alama papo kwa papo. Na jamani, acheni kuongea mmegeukia ubao! Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, hapo hujamfanyia hisani, ni haki yake.

Nina mtoto mchanga, supavaiza anapanga vikao saa kumi na mbili jioni. Naogopa kumwambia.

Mwandikie: "Shikamoo Dokta, jioni nanyonyesha, naomba Jumanne saa nne au Alhamisi saa nane." Basi. Wengi hawajawaza tu. Akigoma, nenda kwa mratibu wa idara.

Mimi mwanaume, nimepewa mabinti wawili wa uhandisi. Niwapeleke kwa lekchara mwanamke? Tunaye mmoja tu.

Ndo umrundikie yeye mabinti wote wa idara? Hapana bwana. Kuna programu ya Meyerhoff, chuo cha UMBC kule Maryland, Marekani, ilianzishwa 1988 kwa ajili ya vijana weusi wa kiume wanaosoma sayansi, baadaye ikafunguliwa kwa wasichana na watu wa asili nyingine. Maprofesa wa maabara hawakuwa wote weusi, ila walikomaa na vitu vilevile: kusoma kwa makundi, kuingia maabara mapema, na mtu wa kufuatilia kila mwanafunzi. Kwa hiyo baki nao, wapeleke karakana, wape kazi zilezile unazowapa wavulana (sio kuandika minitsi), vikao mfanye ofisini mchana, na watafutie dada wa mwaka wa tatu wa kumuuliza yale wasiyoweza kukuuliza wewe.