Maswali ya Msimu wa Mvua: Hofu, Usingizi na Mbuzi

Mvua zetu za msimu mmoja zikikaribia, ujumbe kuhusu mafuriko huongezeka. Nimechukua minne.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji kando ya mto Kinyasungwe. Tukitangaziwa mvua kubwa nazunguka na kipaza sauti, lakini watu hawahami. Ni ukaidi?

Mwenyekiti, uliwauliza mbuzi watalala wapi? Mwenye mbuzi kumi na magunia ya mtama ndani hawezi kwenda kulala darasani na kuiacha mali yake bila mlinzi. Wizi ana hakika nao. Mafuriko anaomba yapite pembeni. Itisha mkutano kabla mawingu hayajatanda, wapange wenyewe: zizi la dharura liwe wapi huko juu, nani alinde usiku, bibi asiyeona abebwe na nani, wanaonyonyesha walale chumba kipi. Tangazo nalo lipitie kwa mtu wanayemwamini. Huenda akawa mama wa kikoba au katekista, si wewe, usinune. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati hadi ngazi ya kijiji, hivyo msikae kusubiri gari la wilaya.

Tangu nyumba yetu ianguke, mama hapati usingizi mvua ikinyesha. Jirani anasema tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. (Mpwapwa)

Haraka ya nini? Kushtukashtuka na kukosa usingizi wiki za mwanzo ni kawaida, na wengi hutulia wakipata ndugu karibu, chakula na pa kulala. Mpe shughuli anayoiweza, hata kuchambua mboga. Ukipita mwezi bado hali wala halali, mpeleke kituo cha afya. Wao ndio watakaoamua kama anahitaji rufaa. Akisema heri afe, usisubiri kesho, wala usimwache peke yake. Na Mirembe ni hospitali kama nyingine, tuache kutishiana nayo.

Mwanangu wa miaka sita ameanza kukojoa kitandani tangu mafuriko. Nimchape?

Hapana! Alale na mtu, arudi shule mapema, na asisimangwe mbele ya wenzake.

Najitolea kwenye uokoaji. Je, tuwakusanye waathirika kila mmoja asimulie aliyoyaona ili atue mzigo? (Dodoma mjini)

Msimlazimishe mtu. Shirika la Afya Duniani halishauri vikao hivyo vya mara moja, na mwongozo wake wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Kumbuka Katesh, tope la Mlima Hanang liliposhuka tarehe 3 Desemba 2023. Aliyefiwa pale alitaka kwanza kujua mwili uko wapi, na kupata simu awaarifu ndugu. Akitaka kusimulia, msikilize bila kumkatiza, wala usimwambie "shukuru umepona".

Nawe uliyebeba miili, ukiona sasa hulali mpaka unywe pombe, nenda kliniki. Wanaokuja kwa sababu hiyo ni wengi kuliko unavyodhani, na wengi wao ni wanaume.