Italia kwa treni bila kumaliza akiba

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu anaweza kuizunguka Italia kwa treni akiwa na pesa kidogo. Inawezekana kabisa. Treni za mwendo kasi, Frecciarossa na Italo, kata tiketi mapema, maana nauli hupanda kadiri siku inavyokaribia. Zile za kawaida, Regionale, bei haibadiliki hata ukinunua dakika ya mwisho. Kwa hizo, Roma hadi Napoli utatumia zaidi ya saa moja ya ziada kuliko treni ya mwendo kasi, lakini nauli ni nafuu mno.

Nakusihi: tiketi ya karatasi ya Regionale ichomeke kwenye kimashine pale stesheni kabla hujapanda, uhakikishe tarehe na saa vimegongwa. Bila hivyo ni faini.

Na Roma usinunue maji. Beba chupa, jaza kwenye vibomba vya mtaani. Yanatiririka bure, baridi na salama.