Amelipa au amekuwa akilipa?

SWALI: Nasimamia ploti ya vyumba vya kupanga hapa Kondele, Kisumu. Mpangaji anayehama ameniomba barua ya kumpelekea mwenye nyumba mpya. Nimeandika, "Amekua akilipa kodi kwa wakati." Mwanangu wa sekondari anasisitiza niandike "amelipa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ni wewe, ila tahajia imekuponza. "Amekua" ni ameongezeka kimo, kama mtoto au mahindi. Andika "amekuwa".

"Amelipa" ni jambo lililokwisha: pesa imefika, humdai. "Amekuwa akilipa" ni mwenendo. Mwezi baada ya mwezi, ikifika tarehe tano, ujumbe wa M-Pesa unaingia kwenye simu yako. Mwenye nyumba mpya anautafuta mwenendo huo. Hata hivyo, sentensi yako haimwambii lolote kuhusu kodi ya mwezi huu, kwa hivyo ongeza: "na ya mwezi huu amelipa."

Mwanao nisimlaumu sana, maana "amekuwa" hutumiwa ovyo. Waliozoea sarufi ya Kiingereza hudhani kila tendo lililochukua muda lazima libebe "amekuwa". Mwendesha boda yuko steji tangu saa mbili asubuhi, hajapata abiria, nao wanasema, "Amekuwa akisimama pale tangu saa mbili." Hapo mimi namwona mtu anayesimama, anakaa, anasimama tena. Kiswahili kinatosheka na "amesimama pale tangu saa mbili", kwa sababu vitenzi kama simama, kaa, lala na vaa vikipata -me- huonyesha hali ambayo bado ipo. Amevaa kofia: iko kichwani sasa hivi. Amekuwa akivaa kofia: ni mazoea yake, na huenda leo ameiacha nyumbani.

Kitenzi jua nacho hakihitaji mzigo huo. "Nimekuwa nikimjua tangu 2015" inanukia tafsiri. Sema "namjua tangu 2015".

Siku utakapoandika kuhusu mpangaji msumbufu, usiandike "hajakuwa akilipa", ingawa utaisikia sana mitaani. Kiambishi -ja- huiondoa ku- ya vitenzi vya silabi moja: hajala, hajafa, hajawa. Ukanushi uhamishie kwenye kitenzi kikuu: "amekuwa halipi". Ingawa barua ya namna hiyo sijui nani atakuja kuiomba.