Shangazi, wamenikubali lakini habari ya pesa hawajasema

*Shangazi, shikamoo. Naishi Louisville, Kentucky, mwaka wa sita sasa, na nina grini kadi. Nina watoto wawili. Usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilisoma shahada ya ustawi wa jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, nikamaliza 2017. Hapa nimekuwa nikiwatafsiria akina mama wa Kikongo wanapoitwa na ofisi ya ulinzi wa watoto, na siku moja nilipotoka kwenye kikao hicho nikaamua lazima nirudi shule. Novemba niliomba masta ya ustawi wa jamii vyuo vitatu, nianze Agosti 2026. Cha kwanza kimenikubali, kinataka dola 400 za kushikia nafasi ndani ya siku kumi na hazirudishwi, lakini barua ya msaada wa kifedha haijaja. Cha pili kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri. Cha tatu kimya. Mume wangu ni dereva wa lori, mwaka jana aliumia bega na kipato kimeshuka. Zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa imefika wiki hii, kwa hiyo 400 ninazo. Nilipe? Kila nikitoka kazini alfajiri nafungua akaunti ya maombi kabla hata sijavua viatu. Mama yangu Tanga ananiuliza kila Jumapili, sina la kumjibu.*
Msubirifu, Louisville

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa kazini kwangu, nilipo ofisa ustawi wa jamii, wagonjwa wangu wa figo wameshaunganishwa kwenye mashine za kusafisha damu, nami nina nusu saa yangu ya chai. Nakujibu kama mtu aliyekaa pale ulipokaa wewe, maana nami niliisubiri barua hiyo mwaka 2013, hapa Minneapolis, nikiwa na mtoto mgongoni na kazi ya usiku.

Usilipe leo. Kukubaliwa ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni hesabu ya pesa, na mtu haweki dola 400 za mchezo kwenye jibu la nusu.

Leo hii, kabla hujalala, waandikie ofisi ya udahili ya hicho chuo cha kwanza. Washukuru, waambie unakitaka chuo chao, kisha waombe wakusogezee tarehe ya malipo mpaka barua ya msaada wa kifedha itoke. Sentensi nne zinatosha. Nakala ipeleke ofisi ya misaada ya kifedha uwaulize barua yako itatoka lini. Sisi tuliolelewa pwani tunaona kuomba muda ni utovu wa adabu, tunaogopa watasema huyu hana shukrani. Hapa sivyo. Maombi ya namna hiyo wanayapata kila siku, na mara nyingi wanakubali. Wakikataa, utakuwa umejua kwa maandishi, na siku zako kumi bado hazijaisha.

Utasikia watu wakikwambia hakuna chuo kinachoruhusiwa kukubana kabla ya Aprili 15. Elewa vizuri jambo hilo. Yapo makubaliano ya vyuo vingi vya Marekani kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya Aprili 15, lakini yanahusu ofa yenye ufadhili ndani yake, na kwa vyuo vilivyotia saini tu. Wewe umepewa nafasi tupu, kwa hiyo tarehe hiyo haikukingi.

Sasa nikueleze lililonipata, kwa sababu sitaki likupate. Barua yangu ya msaada ilikuja mwezi wa nne. Ilianza na hongera, na chini kabisa jumla ilikuwa dola 36,000. Nilimpigia mama yangu Pangani usiku wa manane wa kwao. Jumamosi nikapika pilau, majirani wakaja. Wiki mbili baadaye mama mmoja wa maktaba aliniketisha tukaisoma mstari kwa mstari. Katika 36,000 zile, ruzuku ilikuwa 6,000. Dola 20,500 zilikuwa mkopo wa serikali, na 9,500 mkopo mwingine wenye riba kubwa zaidi. Riba inahesabika tangu siku pesa inapotoka, ungali darasani. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye orodha moja, kwa herufi za ukubwa mmoja, chini ya neno moja lenye maana ya tuzo. Mimi niliyezoea bumu la nyumbani, ule mkopo wa serikali kwa wanafunzi, nilidhani mkopo ungeitwa mkopo.

Kwa hiyo barua ikifika, chukua kalamu na karatasi. Andika gharama nzima ya mwaka: ada, bima ya afya ya chuo, vitabu, nauli. Toa ruzuku peke yake. Mkopo usiutoe, uandike pembeni. Kinachobaki ndiyo bei ya chuo hicho kwako, na vyuo viwili unavilinganisha kwa bei hiyo. Chuo chenye ada ndogo na ruzuku sifuri mara nyingi kinakishinda chuo chenye jina na barua ndefu.

Na mwaka huu hesabu hiyo ni ya lazima kuliko wakati wangu. Ule mkopo wa pili niliouchukua, Grad PLUS, uliokuwa unaziba pengo lote, umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Wewe ni mkopaji mpya. Utapata mkopo wa serikali usiozidi dola 20,500 kwa mwaka, na 100,000 kwa masomo yote ya ngazi hiyo. Sheria iliyoufunga mkopo huo inawapa wanaosomea udaktari na uanasheria hadi 50,000 kwa mwaka, na ustawi wa jamii haukuwekwa kwenye kundi lao. Jambo hili linaniuma. Kwenye kitengo changu sheria ya serikali kuu inataka kila kituo cha kusafisha damu kiwe na ofisa ustawi wa jamii mwenye masta, halafu anayesomea masta hiyo anahesabiwa kana kwamba hasomei taaluma. Lakini hasira yangu haitakulipia ada. Kama bei ya chuo, baada ya kutoa ruzuku, inapita 20,500, uliza mapema pengo litazibwa na nini, kabla mtu wa benki hajakuuliza yeye.

Kuhusu bega la mume wako. FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa kifedha wa serikali kuu, ya mwaka wa masomo 2026–27 inatazama kipato cha 2024, alipokuwa mzima akiendesha lori. Wao hawajui ameumia. Kwenye masta wazazi wako hawahesabiki, ila mume anahesabika. Iandikie ofisi ya misaada ya kila chuo ukiomba wapitie upya hali ya familia, na uambatanishe barua ya daktari na hati zake za malipo za sasa. Mkopo wa serikali hautabadilika kwa hilo, lakini ruzuku ya chuo chenyewe na kazi za wanafunzi zinazolipwa na serikali zinaweza kubadilika. Hakikisha pia vyuo vyote vitatu vimo kwenye fomu yako. Nimewahi kumsaidia binti aliyesubiri barua ya msaada miezi miwili kutoka chuo ambacho hakukiandika.

Nakuja kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote: Kijitonyama. Shahada yako ni ya ustawi wa jamii hasa. Baraza linalothibitisha vyuo vya fani yetu hapa, CSWE, lina huduma ya kutathmini shahada za ustawi wa jamii zilizosomwa nje ya Marekani. Ile tathmini ya jumla uliyoitumia kuomba haitoshi kwa hili. Wakiona shahada yako inalingana na ya hapa, vyuo vingi vitakufikiria kwa njia ya mkato, ile ya waliokwisha kusoma fani, ambayo huwa ya mwaka mmoja hivi badala ya miwili. Ni mwaka mzima wa ada unaoukwepa. Hakuna ruzuku ya kawaida inayofika hapo. Vyuo vingine vinaweka ukomo wa miaka tangu ulipohitimu, na wewe ni wa 2017, kwa hiyo piga simu uulize kila chuo: ukomo wenu ni miaka mingapi, na mnapokea tathmini ya CSWE? Kama mlango umefungwa mwaka huu, uliza kama utafunguka ukisubiri mwaka ujao. Najua neno kusubiri umelichoka.

Halafu kuna fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Masta ya kawaida inadai saa zisizopungua 900, na mara nyingi hazilipwi. Watu huhesabu ada wakasahau saa. Kwa wiki ni kama siku mbili za mchana mwanzoni, mwaka wa pili zaidi, na wewe unatoka zamu alfajiri. Utalala lini? Tangu 2022 kanuni za CSWE zinakubali kazi yako ya kulipwa ihesabiwe kama fildi, mradi majukumu yawe ya ustawi wa jamii. Kumwogesha mzee na kumbadilisha shuka hakutahesabiwa, ingawa Mungu analiona. Lakini nyumba ya wazee yenye vitanda zaidi ya 120 inalazimika kuwa na ofisa ustawi wa jamii wa kudumu. Kama yenu ni kubwa hivyo, yupo kwenye jengo lako. Mtafute wiki hii, mwambie unaenda masta, muulize kama ofisi yake huchukua wanafunzi na kama mwajiri angekubali kukuhamishia huko kwa saa kadhaa.

Na kwa vile ni ile ofisi ya ulinzi wa watoto iliyokusukuma, uliza kila chuo kuhusu ufadhili wa Title IV-E. Ni pesa za serikali kuu kwa wanafunzi wanaokubali kufanya kazi za ulinzi wa watoto za serikali kwa muda maalumu baada ya kuhitimu. Anayeongea Kiswahili na wale akina mama bila mkalimani katikati wanamhitaji.

Chuo cha pili waandikie barua moja, ya ukurasa mmoja, mara moja tu: bado nakitaka, na tangu niombe kimeongezeka hiki na hiki. Chuo cha tatu usikae ukingoja. Piga simu uulize kama faili limekamilika. Kimya mara nyingi ni karatasi iliyokosekana, hasa barua ya mwalimu wa nyumbani aliyetumiwa kiungo kikaishia kwenye barua taka.

Mama Tanga mwambie hivi Jumapili: wamenikubali chuo kimoja, tunaongea habari ya ada. Ni kweli tupu, na atalala. Ile akaunti ya maombi usiifungue alfajiri. Ofisi zinafunguliwa saa mbili asubuhi, majibu hayaandikwi usiku. Lala kwanza.

Mimi deni langu nimelilipa kwa mpango wa serikali wa kuwasamehe wanaofanya kazi serikalini au kwenye mashirika yasiyo ya faida, malipo 120, miaka kumi. La 120 lilitoka Januari mwaka huu. Fomu nimetuma, nami naitazama akaunti yangu kila siku. Kwa hiyo tuko wawili.

*Shangazi, mimi ni kijana wa Mombasa. Nimekubaliwa masta ya ustawi wa jamii Texas. Wakala hapa anasema nimpe shilingi 80,000 anijazie FAFSA nipate msaada wa serikali ya Marekani. Nimpe?*
Wa Kisauni

Usimpe, mpwa wangu. FAFSA ni bure kwa kila mtu, na kwa anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi haina msaada wowote wa serikali hiyo ndani yake. Huyo ama hajui ama anakuibia. Kabla chuo hakijakutolea I-20, ile hati ya kuombea viza ya mwanafunzi, utatakiwa uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza mzima, ada na kuishi. Waandikie idara yenyewe uulize mambo matatu: ufadhili wa chuo usiohitaji FAFSA, kazi za usaidizi kwa wanafunzi wa uzamili, na kama nafasi yako inaweza kusogezwa mpaka mwaka ujao bila kuomba upya. Fildi isikutie hofu. Kwa kuwa ni sehemu ya lazima ya masomo, wenye viza yako huruhusiwa kuifanya kwa kibali cha chuo. Na ukiishapata majibu ya idara, niletee tuyasome pamoja kabla hujauza kitu chochote cha nyumbani.