Tanuri la chuo na wanafunzi wa ufinyanzi: maswali yenu ya mwezi huu

Shikamoo mwalimu. Chuoni kwetu tanuri ni moja la umeme, darasa lina watu zaidi ya thelathini, kazi zinakaa shelfu wiki tatu zikisubiri kuchomwa. Tudai la pili? (Mwaka wa pili, Kampala)

Marahaba. Kabla hamjadai la pili hesabuni kwanza hilo moja linawaka mara ngapi kwa wiki. Kwa vyuo nilivyopitia mimi mara nyingi shida ilikuwa ufunguo, yaani teknishani mmoja ndo anajua kulipakia na kuliwasha, akiuguliwa au akienda likizo tanuri linalala baridi wiki nzima huku kazi za watu zinakula vumbi. Tanuri la kawaida la umeme ukilipakia leo mchana na kuliwasha usiku, kesho kutwa unapakua, kwa hiyo michomo miwili mpaka mitatu kwa wiki inawezekana kabisa. Ombeni mfundishwe, wawili wawili kwa zamu, teknishani akiwasimamia, maana mwanafunzi anayemaliza digrii ya ufinyanzi bila kuwahi kuwasha tanuri kwa mkono wake amenyimwa nusu ya somo, hilo nalisema kila mahali na sitaacha.

Halafu angalieni mnavyopakia. Mchomo wa kwanza, ule wa nyuzi 1000 hivi kabla ya glezi (ule mpako unaoyeyuka ukawa kama kioo juu ya chombo), vyombo vinaruhusiwa kugusana, bakuli ndogo ndani ya kubwa, kikombe juu ya kikombe mdomo kwa mdomo, haina shida. Watu wanapanga kwa kuachanisha kama mchomo wa glezi na nafasi nusu inapotea bure. Glezi ndo haitaki kugusana kabisa, ikiyeyuka inakuwa kioo na vyombo viwili vinakuwa kimoja.

Kazi yangu ya mtihani imelipuka ndani ya tanuri na imevunja za wenzangu. Wanasema sikukanda vizuri, niliacha hewa ndani. Ni kweli? (Nairobi)

Pole sana, najua inavyouma hasa ukivunja na ya mwenzio. Kukanda ni muhimu lakini anayelipua karibu mara zote ni maji. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile ya mwanzo, sasa kama ukuta wa chombo ni mnene na katikati bado mbichi, mvuke hauna pa kutokea. Nje kinaweza kuonekana kikavu cheupe kabisa na ndani bado. Kiweke shavuni, ukisikia ubaridi hakijakauka, rudisha shelfu. Kazi nene ipe usiku mzima kwenye nyuzi 80 mpaka 90 tanuri likiwa na tundu wazi mvuke utoke, ndo upandishe taratibu. Na kama umefinyanga kitu kilichoziba pande zote, sanamu kwa mfano, toboa katundu hata kwa sindano.

Umeme ukikatika katikati ya mchomo tunafanyaje? (Mwanza)

Zima swichi ya tanuri kwanza, umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza kontrola, kile kifaa kinachoongoza joto la tanuri. Ziba matundu, usifungue mlango hata kidogo. Umeme ukirudi washa upandishe upya kwa mwendo wa wastani. Mchomo wa kwanza mara nyingi hauharibiki. Wa glezi chungulia koni zako, zile pembe ndogo za udongo zinazopinda joto likitosha, usiamini namba ya kwenye kioo peke yake, maana udongo unaiva kwa joto na muda vyote viwili.

Naruhusiwa kuweka udongo wa kijijini kwetu kwenye tanuri la chuo? (Dodoma)

Ruhusa omba, na usiufiche, nakusihi. Nikiwa mwanafunzi kuna mwenzetu alipenyeza bakuli la udongo mwekundu kwenye mchomo wa nyuzi 1250, asubuhi tukakuta dimbwi jeusi limegandia shelfu na kazi za watu sita zimekwama humo. Udongo mwingi mwekundu ukipita 1150 hivi unaanza kulegea na kuyeyuka. Finyanga vipande vidogo, vichome kimoja 1000, kingine 1050, kingine 1100, kila kimoja ndani ya kisahani cha udongo unaohimili joto, uone kinavyonywea na kinavyogeuka rangi. Shelfu zenyewe zipakeni kaolini (udongo mweupe) na alumina (poda nyeupe inayohimili joto kali) nusu kwa nusu zilizokorogwa na maji, glezi ikidondoka inabanduka. Kaolini ipo Pugu pale Kisarawe, si mbali na Dar.

Chuo chetu hakina tanuri kabisa. Tuache? (Hakutaja alipo)

Msiache! Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema kule Ziwa Nyasa, wanachoma vyungu wazi kwa kuni na nyasi na vinapikiwa miaka. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi 1950, vyombo vyake viko kwenye makumbusho makubwa duniani, lakini ukiuliza alijifunzia wapi utakuta pamoja na vyuo vya Uingereza alikwenda Abuja ya zamani, mji ambao leo unaitwa Suleja, Nigeria, kukaa na wafinyanzi akiwemo Ladi Kwali. Hatumii glezi, anasugua udongo mpaka ung'ae, na ule weusi anaupata kwa kuchoma mara ya pili kwa kunyima moto hewa. Changanyeni kwenye udongo mchanga au chenga za vyungu vilivyovunjika mlizotwanga, zinasaidia chombo kuhimili moto wa ghafla, pashieni vyombo joto pembeni ya moto kwanza, na msichome siku ya upepo.

Nakohoa kila nikitoka studio. (Mombasa)

Kapime kifua, usingoje. Vumbi la udongo mkavu lina silika, likikaa kwenye mapafu halitoki. Studio haifagiwi kavu, inapigwa deki kwa maji kila siku, na anayepima poda za glezi avae barakoa ya N95, kitambaa hakitoshi.

Mwanangu anataka kusoma ufinyanzi, tukienda kuangalia chuo tukague nini? (Mzazi, Arusha)

Majengo na jina visikumalize mama. Makerere masomo ya sanaa yalianza 1937 na Margaret Trowell na ufinyanzi unasomwa pale mpaka leo, lakini hata huko nenda na macho yako. Angalia kama sinki lina pipa la kunasa udongo usizibe bomba, kama plasta, ile jasi ya kutengenezea kalibu, inafanyiwa kazi mbali na udongo maana chembe yake ikiingia chombo kinabanduka kipande, kama chumba cha tanuri kina hewa. Kisha mvute pembeni mwanafunzi yeyote umuulize wiki iliyopita tanuri liliwashwa mara ngapi, na nani aliliwasha.