Kristali ya zawadi ni jiwe au ni kioo? Jibu langu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama bakuli la kristali unalotaka kumpa dada yako siku ya harusi ni jiwe kweli au ni kioo cha kawaida kilichopandishwa bei. Wachangiaji wawili wamekwambia ni jiwe linalochimbwa, na nimeona nisikae kimya. Kwa miaka tisa sasa kazi yangu ni kuchonga majina na maandishi kwenye vyombo vya zawadi na tuzo, na vingi kati ya hivyo ni kristali.

Ni kioo. Jiwe la asili lenye jina hilo lipo, ni kwatzi angavu. Wagiriki wa kale waliliita kwa neno lao la barafu, wakiamini ni barafu iliyoganda mno hata haiwezi kuyeyuka tena. Waarabu wakaliita billaur, na neno hilo ndilo bilauri yetu tunayonywea maji, kwa hiyo Kiswahili nacho kimelichanganya jiwe na kioo tangu zamani. Tofauti iko ndani. Chembe za kwatzi zimejipanga safu kwa safu, lakini za kioo zimeganda shaghalabaghala, kama zilivyokuwa kilipokuwa uji.

Sasa kwa nini kioo kimoja kimeremete kuliko kingine? Mchanga wa silika peke yake huyeyuka kwenye takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi, joto ambalo matanuri mengi hayaliwezi. Ndiyo maana huchanganywa na magadi au potashi ili uyeyuke mapema, na chokaa ili kioo kisije kuliwa na maji. Mchanga wenye chuma hutoa rangi ya kijani. Angalia kioo cha dirisha kwenye ukingo wake utaiona. Mafundi wa kisiwa cha Murano, karibu na Venice, walipata kioo angavu kisicho na rangi katika karne ya 15, na anayetajwa zaidi ni Angelo Barovier. Kilikuwa chepesi na chembamba, hakikufaa kuchongwa kwa kina.

Aliyebadilisha mambo ni George Ravenscroft wa London, aliyepewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuutumia ugunduzi wake peke yake, mwaka 1674. Vyombo vyake vya mwanzo viliharibika, vikajaa nyufa laini kama nywele na kupoteza uangavu. Dawa aliyoipata ni oksidi ya risasi, yaani ile metali nzito, si risasi ya bunduki. Risasi hufanya kioo kiwe laini kwa kuchongwa, kizito, na chenye kupinda mwanga zaidi. Lita moja ya kioo cha dirisha ina takriban kilo 2.5, ila kristali kamili ya risasi huanzia kilo 3, na mkono unaisikia tofauti hiyo mara moja. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1969 inataka angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi ili chombo kiitwe kristali ya risasi, na asilimia 30 kwa ile kamili. Siku hizi viwanda vingi vimeacha risasi na kutumia bariamu au zinki, na kwa macho tu hata mimi huwa nasita kutofautisha.

Hatua ambayo wanunuzi hawaijui, na mimi naiheshimu kuliko zote, ni kupoozwa. Chombo kikishapulizwa au kufinyangwa hurudishwa kwenye tanuri la kupoozea, joto lishuke polepole, saa kadhaa kwa bilauri na hata siku kadhaa kwa kipande kinene. Kikiachwa kipoe chenyewe, nje hujikaza ndani bado kuna moto, na mkazo huo hubaki humo ukisubiri sababu. Hata kilichopoozwa vizuri hakipendi joto la ghafla. Mwaka wangu wa pili nilipasua bakuli ambalo mteja alirithi kwa mama yake: lilikuwa limelala kwenye chumba baridi, nikalimwagia maji ya moto nitoe vumbi la kuchongea. Lilitoa mlio mmoja tu. Yule mama wa watu hakunigombeza, ila uso wake sijausahau, na tangu siku ile naosha kwa maji ya uvuguvugu, kwenye beseni la plastiki lenye taulo chini. Mwambie dada yako afanye hivyo hivyo, wala asiliweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, litafifia.

Dukani, pitisha kidole juu ya michongo. Iliyokatwa kwa gurudumu la almasi ina kingo kali na zilizo wazi. Iliyotoka kwenye kalibu ina kingo za mviringo, na mara nyingi utaona mstari wa mshono ubavuni. Habari ya kugonga usikie mlio inafaa kwa bilauri nyembamba. Pambo nene halilii hata likiwa bora namna gani.

Vile vipande vya mraba vyenye picha ndani, watu huviita feki. Ni kioo safi kisicho na risasi. Mwali wa leza hukusanywa kwenye nukta moja ndani ya kioo, ukaacha ufa mdogo sana, na maelfu ya nukta hizo ndiyo picha. Mkono wa fundi haumo, basi usilipie kana kwamba umo.

Kama bakuli ni la risasi, kuweka matunda mazima kwa mapambo hakuna shida. Divai, juisi au chochote kichachu kisilale humo, kwa sababu asidi huvuta risasi polepole. Na kama utabadili mawazo uchukue tufe, lisikae dirishani: hukusanya jua kama lenzi, na nimeona kitambaa cha meza kilichoungua hivyo.

Kwa harusi mimi ningechukua bakuli lililokatwa kwa mkono, hata likiwa dogo, na majina yao yachongwe chini ya kitako ili michongo ya juu ipumue. Ukishaamua maneno, yaweke hapa tuyaangalie tahajia pamoja kabla hujayapeleka kwa fundi, kwa sababu herufi ikishakatwa haifutiki.