Hekalu tulivu la kuzuru Tamil Nadu: nenda Darasuram

Ndugu, umeuliza kama kusini mwa India lipo hekalu la Kihindu ambalo msafiri anaweza kulizuru bila kusongwa na umati. Ninakushauri kwa moyo wote uende Darasuram, kilomita chache tu kutoka mji wa Kumbakonam katika jimbo la Tamil Nadu, ambako mfalme Rajaraja wa Pili wa nasaba ya Chola alimjengea mungu Shiva hekalu la Airavatesvara katika karne ya 12. UNESCO ililitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2004, lakini wageni wengi huishia mji wa Thanjavur, kwenye hekalu kubwa la Chola, na kwa maoni yangu wanajinyima uhondo.

Fika asubuhi mapema, kwa kuwa mahekalu ya huko kwa kawaida hufungwa adhuhuri hadi alasiri, na viatu huachwa nje, ilhali sakafu ya mawe ikishapigwa na jua huunguza nyayo. Ukumbi wa mbele umechongwa mfano wa gari linalokokotwa na farasi, pamoja na magurudumu yake. Tafuta pia mchongo mdogo wa fahali na tembo wanaochangia kichwa kimoja: ukiziba kiwiliwili cha mmoja kwa kiganja, kichwa kinakuwa cha mwenzake.

Ibada ingali hai humo, kwa hiyo funika mabega na magoti, na uwapishe waumini.